Mzinga namba 17

Kuna jamaa nilisoma naye sekondari, juzi kanitumia sauti WhatsApp, dakika nzima anacheka tu, alafu mwishoni ndo anauliza, "hivi kaka bado upo na wale nyuki wako?" Nikamjibu nipo. Akatuma nyingine anacheka tena. Nikakaa nikawaza nimjibu nini cha maana, nikaona bora niandike huku kwa kirefu maana kwa sauti haitatosha na bando lenyewe ndo hivyo tena.

Kabla sijaenda mbali niseme kitu. Zile stetasi za asubuhi za "usikate tamaa, ushindi wako uko njiani" huwa zinanikera kweli kweli. Anayeandika hakwambii kesho ukiamka, ukiwa hujakata tamaa, unashika jembe au unashika nini. Alafu mimi nilikata tamaa. Nasema wazi kabisa, nilikata, nikafunga mlango nikaondoka, miezi saba sikurudi porini hata kuchungulia. Kwa hiyo ukitaka stori ya mtu ambaye hakuyumba hata siku moja, katafute kwingine, hapa hakuna.

Mimi ni mtoto wa tumbaku. Huku Sikonge, mkoani Tabora, ukisema hivyo kila mtu anaelewa, ada ya shule tumbaku, bati la nyumba tumbaku, baiskeli ya baba tumbaku. Na hii tumbaku ya mvuke ili ikauke lazima bani, yaani kibanda cha kukaushia majani, liwake, na moto wa bani ukishawashwa hauzimwi, karibu wiki nzima usiku na mchana mtu anakaa pale anachochea na kuangalia joto lisipande kwa pupa wala lisishuke, likishuka majani yanaharibika na msimu umekwisha. Usiku huyo mtu mara nyingi nilikuwa mimi. Darasa la sita, nalala juu ya gunia mlangoni kwa bani, sikio moja linasikiliza moto, asubuhi naenda shule nanuka moshi mpaka mwalimu wa hesabu ananijua kabla sijaingia darasani.

Na kuni za bani sio vijiti vya kuchemshia chai. Ni magogo. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunakata nyuma ya nyumba hapo hapo, mitundu, miyombo, mti wowote uliokaa vizuri. Nilipomaliza kidato cha nne mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa unatoka alfajiri unarudi giza limeingia. Pori lilikuwa linaturudi nyuma kila mwaka na hakuna aliyelisemea, maana utasema nini wakati ada inatoka humo humo. Simlaumu mzee wangu. Tumbaku hiyo hiyo ndo imenifanya nijue kusoma na kuandika haya mnayosoma.

Nikaenda Dar, nikapata kazi ya stoo. Kuhesabu mabomba ya maji, yanaingia mangapi, yanatoka mangapi, yamebaki mangapi. Kazi ilikuwa sawa tu, bosi hakuwa na shida na mshahara ulikuwa unaingia. Ila kila nikirudi likizo naona pori limesogea tena, na kitu kikaanza kunikaa kooni. Nikawa najiuliza hivi kuna kazi gani mtu anaweza kuifanya huku kwetu ambayo inalipa mti ukiwa umesimama? Sio mti ukiwa umelala. Jibu kumbe lilikuwa linapita juu ya kichwa changu tangu nazaliwa linapiga kelele vuuuu.

Asali kwetu Unyamwezi sio kitu kigeni, wazee walikuwa wanarina tangu enzi. Ila mizinga mingi ya asili ni ya magome, unamvua mti gome lake zima kuzunguka shina, ukishamvua hivyo mti unakufa umesimama. Sasa nikasikia habari za mizinga ya kisasa ya mbao, ile ya viunzi, yaani vipande vya mbao vinavyopangwa juu ili nyuki wajengee masega. Nikapiga hesabu usiku mmoja kwenye karatasi ya kufungia chapati, mizinga 40, kila mzinga kilo kadhaa, mara bei ya Dar, nikaona mwaka wa tatu nanunua gari. Nyie, ile karatasi ningeitunza.

2017 mwezi wa saba nikaacha kazi. (Hapa niweke wazi, kama una watoto na kodi ya nyumba usije ukaacha kazi kwa sababu ya posti yangu. Mimi sikuwa na mtoto, sikuwa na mke, na nilikuwa na chumba kwa baba.) Akiba yote ikaenda kwa fundi, mizinga 40, elfu sitini sitini. Ilivyokuja nikaona mbao inaonekana ya kimaskini, nikanunua rangi ya mafuta ya kijani, nikapaka mizinga yote. Nje na ndani. Narudia tena, NA NDANI. Nilitaka ipendeze. Alafu nikaandika namba kwa rangi nyeupe, 1 mpaka 40, mwandiko mzuri wa stoo.

Namba 17 niliupenda kuliko yote sijui kwa nini, nikautundika kwenye mtundu mmoja mkubwa karibu na kijito, kivuli kizuri, maji hapo hapo, nikasema huu ndo utakuwa wa kwanza kuingia nyuki.

Haukuingia hata sisimizi.

Msimu wa kwanza, Juni 2018, mizinga 40 ilikuwa na nyuki sita. Mizinga sita namaanisha, ingawa siku nyingine ilikuwa inakaribia kuwa nyuki sita kweli. Na hiyo sita ukifungua ndani ni vurugu, masega yamejengwa mshazari, sega moja limeshika viunzi vitatu vinne kwa pamoja, ukivuta kimoja unararua vyote, asali inamwagika, majana (watoto wa nyuki) yanaanguka chini, nyuki wanakuja juu. Nilipata ndoo moja haijajaa. Nikasema ukame. Mwaka ule hata hakukuwa na ukame.

Msimu wa pili nyegere akaja. Mtu ambaye hajawahi kuona kazi ya nyegere hawezi kuelewa, yule mnyama mdogo tu lakini ana roho ya tingatinga, anapanda anaung'oa mzinga unaanguka anaupasua anakula majana na asali anaondoka anatembea taratibu kama kalipa. Minne hiyo. Alafu Septemba watu wakachoma pori, kwa ajili ya kuwinda au malisho mimi sijui, moto ukapita, mizinga tisa ikawa mkaa. Hapo nikasema kuna watu wananiroga. Mama akawa wa kwanza kuniunga mkono kwenye hilo, alikuwa tayari na jina la mtu.

Namba 17 uliponea kwenye moto. Uko pale pale, kijani kibichi, mtupu. Nakumbuka nilisimama chini yake nikautukana.

Mwaka wa tatu, 2020, ndo nilidhani mambo yameanza. Mizinga kumi na kitu ilikuwa na nyuki, nikapata ndoo tisa. Ndoo tisa za lita 20, na ndoo ya asali ya lita 20 inabeba kama kilo 28, sio mchezo, ukiibeba begani unajua umebeba. Nilikuwa nina haraka maana mnunuzi mmoja wa Dar alishasema leta, kwa hiyo nikarina kila sega lililokuwepo, lililofunikwa na lisilofunikwa. Nyuki wakimaliza kukausha asali wanaifunika kwa nta nyeupe juu ya kila kitundu, ile ndo dalili kwamba imeiva. Mimi nililijua hilo. Kwa nini sikulifuata? Kwa sababu ndoo tisa ni nyingi kuliko ndoo tano.

Mnunuzi akaja na kile kidude kidogo kama darubini, unadondoshea tone moja la asali unaangalia kwenye mwanga kinakwambia ina maji kiasi gani. Asali ikizidi asilimia 20 ya maji iko hatarini kuchacha. Yangu ilisoma 23. Akafunga begi lake, akaniambia pole kaka, akaondoka na gari yake tupu. Sikuwa na cha kumjibu, kilisoma 23 mbele ya macho yangu.

Wiki tatu baadae nikafungua stoo. Vifuniko vya ndoo vimevimba kama tumbo la ng'ombe aliyevamia majani mabichi. Nikagusa kimoja, kikaruka mpaka kwenye paa, povu likashuka pembeni, harufu ikajaa chumba kizima, tamu na kali. Nilikaa chini sakafuni. Sikulia, nilicheka, ila kile kicheko mama alikisikia jikoni akaja mbio.

Ndoo zote tisa zikanunuliwa na mama mmoja mpika wanzuki, ile pombe ya asali. Alionja kwa kidole akasema, "mwanangu hii umeshanisaidia nusu ya kazi." Alinilipa bei ambayo siitaji hapa. Ijumaa ile kijiji kizima kilikunywa jasho langu na wengine walipita kunisalimia wakisifia.

Mwezi huo huo wa tisa nikaondoka. Tabora mjini, bodaboda ya mtu, jioni napeleka hesabu, usiku nalala. Na niseme ukweli mwingine ambao stetasi hazisemi, nilijisikia vizuri. Kama mtu aliyetua mzigo. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakuna nyuki hakuna nyegere, abiria anapanda anashuka analipa. Sikuwa nawaza kabisa kurudi, yule jamaa yangu wa kucheka angenipigia kipindi kile tungecheka wote.

Aprili 2021 ikaingia simu ya babu. Sio babu yangu wa damu, ni mzee wa kijijini kwetu, mrina asali wa zamani, nadhani ana zaidi ya miaka themanini ingawa yeye mwenyewe anasema sabini tangu nimjue. Simu ya mjukuu wake, anaongea kwa kupiga kelele kama vile sauti inatakiwa ifike Tabora kwa upepo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Njoo uangalie sanduku lako."

"Sanduku gani babu?"

"La kijani. La kwenye mtundu pale mtoni. Limejaa."

Nikajua ananitania. Ila Jumamosi nikaomba ruhusa kwa mwenye pikipiki nikaenda, na ile nafika tu chini ya ule mti nikasikia. Sauti ya mzinga wenye kundi zito haifanani na kitu kingine, sio kelele, ni kama mtu ananguruma kwa ndani amefunga mdomo. Kwenye tundu la kuingilia wamejazana, wanaingia na chavua miguuni, ya njano na nyingine rangi ya chungwa. Namba 17.

Babu alikuwa amekaa kwenye jiwe anavuta ugoro wake. Nikamuuliza umefanya nini. Akaniambia aliushusha mwezi wa pili akiwa na mjukuu wake, akaukwangua ndani kwa kisu mpaka mbao ikaonekana, akausugua kwa majivu na maji, akauacha juani siku nyingi, alafu akayeyusha nta akapaka kidogo juu kwenye viunzi na kipande cha sega kuukuu akakibandika. Akaurudisha pale pale. Basi.

"Nyumba yako ilikuwa inanuka, mjukuu wangu."

Miaka mitatu na nusu. Ukame, wachawi, wachoma pori, fundi, bei ya soko, kila mtu kwenye wilaya nilikuwa nimeshamlaumu, na mzinga ulikuwa unanuka rangi. Hata mtu ukimpeleka kwenye chumba kimepakwa rangi leo hawezi kulala, sembuse nyuki ambaye maisha yake yote anaongea kwa harufu. Nikamuuliza babu kwa nini hukuniambia tangu mwanzo, akaniangalia kama nimeuliza swali la kijinga (lilikuwa la kijinga), akasema, "ulikuja na masanduku ya kijani na namba. Tukajua wewe msomi."

Hiyo sentensi ilinichoma kuliko nyuki wote walioniuma mpaka leo, maana ni kweli. Nilikuwa na bidii, hilo hakuna wa kunipokonya, naamka saa kumi, natembea kilomita sijui ngapi, nimeumwa uso mpaka macho yamefunga. Ila bidii yote ile niliimwagia kwenye kosa lile lile. Kama mtu anayesukuma mlango kwa nguvu zake zote na mlango wenyewe ni wa kuvuta. Na ukimwambia asikate tamaa, atasukuma zaidi.

Nilirudisha pikipiki ya watu. Mizinga ilikuwa imebaki 27 ukitoa iliyoungua na ile minne ya nyegere. Nikaishusha yote, msasa, majivu, jua. Wakati inakaa juani nikawa na muda wa kusoma kwenye simu usiku, na hapo nikakutana na watu wawili ambao nashangaa hakuna mtu anayewataja kwenye hizi semina za mafanikio, kila siku Edison na taa yake tu.

Wa kwanza ni François Huber, mtu wa Geneva kule Uswisi, amezaliwa 1750. Alianza kupoteza macho akiwa kijana mdogo, akawa kipofu kabisa, na huyo kipofu ndo akawa mmoja wa watu waliojua mambo ya ndani ya mzinga kuliko dunia nzima ya wakati wake. Kivipi? Alikuwa na mtumishi wake anaitwa François Burnens. Huber anauliza swali, Burnens anafungua mzinga anaangalia, anarudi anamweleza, Huber anauliza tena vizuri zaidi. Kuna wakati walitaka kujua kama kuna nyuki watenda kazi wanaotaga mayai, basi Burnens akashika nyuki mmoja mmoja kwa mkono, mizinga miwili mizima, siku 11, anamwangalia kila mmoja. Siku kumi na moja za kuumwa vidole. Wao ndo walionyesha kwamba malkia anapandwa nje hewani, sio ndani ya mzinga, na 1792 Huber akachapisha. Mimi hapo nilisimamisha kusoma nikacheka mwenyewe, maana nina macho mawili mazima na nilipaka rangi ndani.

Wa pili ni mchungaji wa Marekani, Lorenzo Langstroth. Huyu alikuwa na ugonjwa wa huzuni, ukimshika anashindwa kufanya chochote muda mrefu, unamwachia, anarudi kwa nyuki wake, unamshika tena. 1851 akashtukia kitu kidogo sana, kwamba nyuki wakiachiwa nafasi ya kama milimita 6 mpaka 9 wanaiacha wazi kama kichochoro cha kupita, ikiwa ndogo zaidi wanaiziba kwa gundi yao, ikiwa kubwa zaidi wanajengea sega. Milimita basi! Kwa hizo milimita akatengeneza mzinga wenye fremu za kuchomoa na kurudisha bila kuvunja kitu, 1852 akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu wake. Watu wakamuibia wazo kulia na kushoto, hataza haikumpa utajiri wowote wa maana. Akaendelea na nyuki hivyo hivyo mpaka uzee, na alifariki 1895 akiwa madhabahuni anaanza kuhubiri.

Sasa kile kitu cha milimita kikanikaa kichwani. Usiku ule ule nikachukua rula nikapima viunzi vyangu. Kwa nyuki wetu wa huku Afrika kiunzi kinatakiwa upana wa milimita 32, ndo wanajenga sega moja kwa kila kiunzi, limenyooka. Vyangu vilikuwa 40. Fundi hakukosea, karatasi ya vipimo nilimwandikia mimi, nilipenda namba isiyo na mkia. Kwa hiyo ile vurugu ya masega ya mshazari miaka yote ilikuwa ni sentimita moja kasoro ya uvivu wangu. Vyote vikapigwa randa upya.

Nikanunua daftari. Kila mzinga una ukurasa wake, mti gani, tundu linaangalia wapi, nyuki wameingia lini, nimefungua lini nimeona nini. Na pembeni kuna mstari nimeuchora kwa kalamu nyekundu, juu yake nimeandika "nilichokosea mimi". Siruhusiwi kuandika ukame pale. Wala jina la jirani. Mwanzoni kilikuwa kigumu kujaza, siku hizi kinajaa haraka mpaka naona aibu. Babu hajui kusoma lakini kila tukimaliza kukagua ananiuliza, "umeandika?" na mizinga yake yeye zaidi ya sitini anaikumbuka yote kichwani, mpaka ule ulioliwa na nyegere kabla sijazaliwa.

2022 kati ya mizinga 27, 18 ikaingia nyuki. Ninarina sega lililofunikwa tu, lisilofunikwa linabaki kwao. Naning'iniza kwa waya mrefu, nyegere akija mzinga unabembea anachoka. Kabla kiangazi hakijakolea nafyeka mkinga moto kuzunguka manzuki, yaani eneo lenye mizinga, kazi inayouma mgongo na hakuna anayeipiga picha. Sasa hivi nina mizinga 84, kati ya hiyo 57 ina nyuki. Msimu huu ndoo 22, na kile kidude cha kupima maji nina changu mwenyewe, nilianza kukinunua hicho kabla ya kununua hata kitanda. Kimesoma 18 na nusu.

Gari sina. Mtu asije akadhani. Mwaka jana duka moja limenirudishia katoni mbili eti nimechanganya sukari, kisa asali imeganda, na nimeeleza mpaka nimechoka kwamba asali halisi nyingi huganda, ukiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu inarudi. Mteja akachovya njiti ya kiberiti kwenye asali mbele yangu, wanaamini asali halisi njiti inawaka, ikagoma kuwaka kwa sababu kiberiti chenyewe kilikuwa kimelowa na mvua, nikapoteza kesi hapo hapo. Na mkopo nimeomba mara tatu, mara ya mwisho dada wa dirishani akaniuliza dhamana yako nini, nikasema nyuki, akacheka kwa adabu kabisa akaniambia, "kaka hao si wanahama?" Nikashindwa kubisha maana kweli wanahama.

Nikirudi kwenye lile swali la jamaa yangu, ndio, bado nipo na nyuki, na ninachokitaka ni mizinga 1,000 na chumba kimoja safi cha kuchujia asali hapa hapa kijijini, chenye sakafu ya vigae, ili mtu mwenye bani akisema mwaka huu silimi tumbaku awe na pa kwenda. Najua 84 mpaka 1,000 ni mbali. Kuna majirani wanne wameshaanza, wawili wamepaka rangi ndani, niliwahi nikawakwangulia.

Alafu kuna mzee wangu. Miaka yote hii baba hakusema kitu kuhusu nyuki. Hakukataza, hakusifu, alikuwa anapita pembeni ya mizinga kama anapita pembeni ya msiba wa watu asiowajua. Mwezi wa sita mwaka huu siku ya kurina nimevaa vazi langu jeupe naweka moto kwenye bomba la moshi, nikamuona anakuja na koti lake la mvua amefunga mpaka shingoni na kofia ya kanisani. Akanyoosha mkono. Nikampa bomba. Miaka arobaini ya kuchochea bani, nani atamfundisha yule mzee moshi? Alikuwa anaupuliza mdogo mdogo, mweupe, wa baridi, nyuki wakatulia kuliko siku zote nilizowahi kufungua mimi.

Tulipofika kwenye mtundu nyuki mmoja akampata sikioni. Hakuruka. Akaukwangua mwiba kwa ukucha, akainua macho akaangalia ile namba nyeupe juu ya kijani kilichobabuka, akanusa.

"Huu ndo ule uliokuwa unanuka?"

Nikamwambia ndio baba, ndo wenyewe.

"Haya fungua," akasema, na akapuliza.